Fomu ya basari haihitaji megabaiti tatu

Leo nimekuja na hasira, mtanivumilia.

Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani Modogashe. Binti ya dada yangu alikuwa anaomba basari kwa simu, na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. "Abti, inazunguka tu," akaniambia. Juu ya skrini ilikuwepo ile herufi E tunayoijua wote. Nikangoja naye. Ukurasa mweupe, kiduara kinazunguka. Taasisi yenyewe siitaji jina, maana ugonjwa huu si wake peke yake.

Baadaye nikaufungua kwenye laptopu yangu nione kuna nini ndani. Sehemu tisa za kujaza: jina, shule, kidato, namba ya simu ya mzazi na kadhalika. Uzito wake megabaiti 3, karibu zote JavaScript! HTML iliyofika mwanzo haikuwa na kitu. JavaScript isipofika yote, huoni hata kichwa cha fomu. Hebu piga hesabu nami. Megabaiti 3 ni kilobiti 24,000. Mtandao ukikupa kilobiti 40 kwa sekunde, hizo ni dakika 10, na usikatike hata mara moja. Fomu hiyo hiyo nimeiandika kwa HTML peke yake: kilobaiti 12. Sekunde mbili na ushei.

Na si uganga mpya jamani. Tagi ya form tunayo tangu miaka ya 1990. Kivinjari kinaionyesha na kuituma chenyewe, PHP kwenye seva inapokea, inakagua, inajibu. Mwaka 2003 Steven Champeon na Nick Finck walieleza mbinu ya kujenga kwa tabaka: kwanza HTML inayofanya kazi peke yake, halafu CSS ya urembo, JavaScript mwisho kabisa, kwa mwenye simu na mtandao wa kuibeba. Kurasa za namna hiyo zilipita vizuri hata kwenye Opera Mini, iliyotoka mwaka 2005 na ambayo ilikuwa inabana kurasa kwenye seva zake kabla ya kuzituma kwenye vile visimu vyetu vya vitufe.

Najua jibu lenu: faiba inakuja. Kweli, mradi wa barabara ya Isiolo hadi Mandera, inayopita hapa Modogashe, una faiba katika mpango wake, na naisubiri kwa hamu. Lakini basari ina tarehe yake, haingoji mkandarasi.

Mwingine atasema React inarahisisha kazi. Kazi ya nani? Tena React yenyewe inaweza kutoa HTML kamili kutoka kwenye seva, ni uvivu wetu tu. Nasema wetu kwa sababu nami nimelipwa kujenga kurasa kama ile, Nairobi, kwenye Wi-Fi ya ofisi. Chrome na Firefox zote zina sehemu ya kupunguza kasi ya mtandao kwa majaribio, ipo kwenye zana za wasanidi, ni kubonyeza mara mbili tatu. Sikuwahi kuigusa.

Fomu tuliituma saa saba usiku, watu wamelala na mtandao umepata nafasi. Asubuhi binti alikuwa na mtihani.