Msiusingizie Utamaduni Wetu

Mchungaji mmoja wa Mbarara, Uganda, alihubiri hivi karibuni juu ya Msamaria Mwema. Aliwaomba waumini watoe nguo na sabuni kwa ajili yetu sisi wakimbizi wa makazi ya Nakivale, nao wakatoa kwa moyo mweupe, Mungu awazidishie. Kisha akaongeza kwamba sabuni peke yake haitafika mbali, kwa sababu tatizo la wakimbizi ni utamaduni wao. Wametoka nao Kongo, wametoka nao Burundi, na uchafu ukishakuwa desturi hauondoki kwa kufua. Kanisa zima likaitika "Amina". Mimi nilikuwa benchi la nyuma, shati langu nimelipiga pasi ya makaa usiku wa kuamkia siku ile, nikashindwa kuitika.

Ningeweza kumeza mate nikanyamaza. Lakini wiki ileile darasani tukapewa insha ya kuandika: utamaduni kama kikwazo cha afya ya jamii miongoni mwa wakimbizi. Haikuwa na alama ya kuuliza. Mshitakiwa alikwisha kuhukumiwa kabla hatujashika kalamu, na kazi yetu ilikuwa kuipambia hukumu maneno. Wenzangu wakaandika kurasa kwa kurasa juu ya mila potofu. Wengi wao hawajawahi kufika Nakivale, ingawa ni safari ya saa chache tu kutoka mjini.

Nasema bila kuzunguka: imani hiyo ni ya uongo, na ni uongo unaoua watoto. Anayeamini kwamba kuhara kunatoka kwenye utamaduni wa mtu hatatengeneza bomba. Atachapisha fulana zenye maneno ya kuhamasisha.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000 ndani ya miezi michache. Ukivuka mtaa tu kutoka Hamburg ulikuwa unaingia mji mwingine, Altona. Wajerumani hawa na Wajerumani wale, lugha moja, mkate mmoja, wimbo mmoja kanisani. Altona ikaponea, ikapata wagonjwa wachache tu ukilinganisha na jirani yake. Nao walikunywa maji ya mto uleule wa Elbe, tena waliyachota upande wa chini, baada ya Hamburg kumwaga uchafu wake humo. Walichowazidi wenzao ni kimoja. Altona ilichuja maji kwa mchanga kabla ya kuyaingiza kwenye mabomba, wakati wakubwa wa Hamburg walikuwa wameahirisha gharama ya chujio miaka nenda miaka rudi. Palikuwa na barabara ambayo upande mmoja watu walikufa na upande wa pili wakabaki wazima, kwa kuwa mpaka wa mabomba ulipita hapo katikati. Na huko Hamburg unadhani alinyooshewa kidole nani? Wahamiaji. Wayahudi kutoka Urusi, waliokuwa wakingoja meli za kwenda Marekani, ndio walioambiwa wameleta uchafu wao.

Nilipoisoma habari hiyo niliifunga kompyuta ya maktaba nikatoka nje. Kumbe hata wimbo tunaoimbiwa sisi si mpya.

Kama Ulaya ni mbali, tazama Goma, Kongo. Julai 1994 mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka mpaka, na katika mwezi wa kwanza tu walikufa karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara. Walipokuwa kwao, kwenye vilima vyenye chemchemi, walikuwa na bibi walewale, mapishi yaleyale, miiko ileile ya usafi waliyofundishwa utotoni. Walipofika Goma walichota maji ya Ziwa Kivu ambamo kila mtu alikuwa anafulia na kuogea, wakalala juu ya mwamba wa volkeno ambao jembe haliwezi kuchimba shimo la choo. Utamaduni haukubadilika njiani. Maji yalibadilika. Mwaka 2018 ndugu zetu Wakongo waliokimbia Ituri kwa mitumbwi wakashukia Hoima, hapa Uganda, na kupelekwa makazi ya Kyangwali, nako zaidi ya watu 2,000 wakaugua kipindupindu. Hapo tena nilisikia maneno yaleyale juu ya mila za Wakongo. Watu walewale, ukiwapa maji mengine, wanapona. Nitalirudia hili mpaka lisikike.

Sasa twende Nakivale. Makazi haya yapo tangu mwisho wa miaka ya 1950, yalipofunguliwa kwa Watutsi waliokimbia Rwanda. Yana umri mkubwa kuliko uhuru wa Uganda. Leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea, kwenye kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Maji mengi tunayokunywa yanatoka Ziwa Nakivale, ziwa lenye tope jingi, na kuyasafisha kunataka shabu, klorini na nguvu ya kusukuma pampu. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, bomba linakauka. Hakuna mila ya Kibembe wala ya Kirundi inayohusika na klorini.

Nenda kwa mama mdogo wangu kule Juru kabla jua halijachomoza. Bidoni za njano zimepangwa mstari mrefu kuanzia bombani, kila moja imefungwa kitambaa kwenye mshikio ili mwenyewe aitambue. Moja ya kwake ilipoteza kifuniko zamani, inazibwa kwa gunzi la mahindi. Akipata bidoni tatu anashukuru. Hizo ni lita 60, na nyumba ina watu sita, basi lita kumi kwa kila mmoja kwa siku, wakati kiwango ambacho UNHCR yenyewe imekiweka ni lita 20. Anaanza na ya kunywa. Inafuata ya ugali na maharage, kisha ya kumwogesha mtoto, na maji ya mtoto hayamwagwi, yanasuuza kaptula za wakubwa. Halafu anakuja kijana amevaa koti lenye nembo ya mradi, ana bango mkononi, anamwambia: "Mama, mnatakiwa kunawa mikono kwa maji tiririka kila mnapotoka chooni." Mama mdogo anamtazama kijana, anazitazama bidoni, anajibu, "Asante, mwanangu." Jioni kijana anaandika kwenye ripoti kwamba jamii bado haijaelimika.

Haijaelimika nini? Katika nyumba yoyote ya Kikongo, chakula hakiguswi kabla ya beseni kupita. Mdogo anashika jagi, anamimina maji kwenye mikono ya wakubwa, baba kwanza, wageni, kisha wengine wote. Mtoto asiyenawa anapigwa kofi la mgongoni na kurudishwa. Nenda kwenye mitaa ya Wasomali pale Base Camp, kila msikiti una mabirika, mtu anatawadha mara tano kwa siku. Waislamu walikuwa wakinawa mikono, uso na miguu karne nyingi kabla daktari yeyote wa Ulaya hajakubali kunawa kabla ya kumzalisha mwanamke. Huu ndio utamaduni mnaotuambia ni kikwazo. Tunaomba maji ya kuutimiza.

Na wanaosema utamaduni wa watu haubadiliki wakumbuke 2020. Machi mwaka ule mgonjwa wa kwanza wa korona alipotangazwa Uganda, tuliambiwa tusishikane mikono. Sisi ambao salamu bila mkono ni tusi, ambao mtu akifika msibani anakumbatiwa na ukoo mzima, tuliacha. Tuliacha katika wiki chache, wazee kwa watoto.   Ninalosema hapa ni kwamba utamaduni ulisogea haraka sana. Mabomba bado yanangojewa.

Kuna mmoja aliyenijibu, na akadhani amenimaliza: mbona wapo wenye maji na bado hawanawi? Ndiyo, wapo. Wapo Mbarara mjini, kwenye mahoteli ya High Street, wanaume wenye tai wanaotoka chooni wakipita sinki kana kwamba ni pambo la ukutani. Hakuna aliyewahi kuniandikisha insha juu ya utamaduni wa wanaume wenye tai. Mtu mmoja mvivu akiwa tajiri anaitwa mvivu. Akiwa mkimbizi anaitwa kabila.

Nije kwenye maandishi, maana hapa ndipo wasomi wenzangu wanapobeba lawama. Ukutani kwenye vituo vya afya utakuta mabango mazuri, yenye rangi, ya Kiingereza. Nimesimama mbele ya moja nikamsomea mwanamke mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa amelitazama muda mrefu akidhani ni tangazo la mgawo wa chakula. Lilikuwa linaeleza jinsi ya kuchanganya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Mtoto wake alikuwa anaharisha.

Wanasema wajifunze Kiingereza, wako Uganda. Basi tuisome Katiba ya Uganda, ambayo tangu marekebisho ya 2005 inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima shuleni. Najua kwa nini wengi hapa bado wanakiogopa: walikisikia midomoni mwa askari wakati wa utawala wa Idi Amin, amri na matusi. Uchungu huo ni wa kweli, siudharau. Lakini mwanamke wa Uvira, Kongo, hakuwa kwenye jeshi la Amin, na asipoteze mtoto kwa ajili ya kumbukumbu hiyo. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, walikufa watu zaidi ya 2,200. Shirika la Translators without Borders lilikwenda kuwasikiliza watu wa Goma na Beni, na watu wakasema wanataka maelezo ya kina, kwa maneno mepesi, kwa Kiswahili wanachokisema wao nyumbani. Walitaka kueleweshwa. Ni ombi la mtu mwenye akili timamu.

Tena hata tukiandika kwa Kiswahili, tunaandika vibaya, kwa sababu tumefundishwa vibaya. Tunafundishwa sentensi zisizo na mtendaji. "Maji hayakupatikana." "Huduma ilizorota." "Changamoto zilijitokeza." Nani hakuleta maji? Nani alijua kwamba pampu imekufa, alijua siku gani, akafanya nini? Mwandishi wa ripoti anafunzwa kumficha mwenye wajibu, kisha ukurasa unaofuata anamtaja kwa uwazi kabisa anayelaumiwa, yaani jamii na mila zake. Mtindo huo unaitwa lugha ya kitaalamu. Mimi naona ni lugha ya kukimbia wajibu, na nasikitika kwamba tunatunukiwa vyeti kwa kuimudu.

Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja wa Uganda kwenye msaada kwa sababu fedha zilikatwa. Taarifa nyingi nilizosoma ziliandikwa kwa mtindo uleule: msaada "ulipungua", kama mvua. Mvua haina mwenyewe. Fedha zina wenyewe, wana majina na wana ofisi. Na mwenye njaa anayeuza sabuni yake anunue unga msimwandikie insha juu ya mila.

Insha yangu niliiandika juu ya Altona na mabomba ya Juru. Ilirudi na wino mwekundu: "Uko nje ya mada." Nimeihifadhi, na nitaiandika tena jinsi ilivyo.

Kwa hiyo namwomba mchungaji aje Nakivale asubuhi moja, apange foleni na bidoni yake, aje na waumini walioitika. Kwa wanafunzi wenzangu wa Mbarara, wa uuguzi, wa udaktari, wa afya ya jamii: mkipewa tena mada ile, ikataeni kwa maandishi. Andikeni bomba gani lilikauka, kijiji gani, tangu lini, na nani mwenye kazi ya kulitengeneza. Kwa Ofisi ya Waziri Mkuu na mashirika yanayosimamia maji, ombi langu ni dogo na halina gharama ya kutisha. Bandikeni kwenye kila bomba karatasi moja, kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali, inayosema maji yanafunguliwa saa ngapi, yasipofunguliwa nani anawajibika, na namba yake ya simu ni ipi. Ya Kiswahili nitaiandika mimi, bila malipo, leo hii mkitaka.