BABA NAYE AINGIE POLE

Katika baadhi ya kambi za polisi nchini Uganda bado viko vile vibanda vya bati ambavyo wakaaji wake wamevipa jina la "Mama Ingia Pole". Mlango wake ni mfupi, na mama mwenye ndoo kichwani au mtoto mgongoni hana budi kuinama na kupunguza mwendo asije akajigonga. Jina hilo ni la utani, lakini lina mafunzo ndani yake. Na kwa habari ya mtoto mchanga alalaye usiku, mwenye kupaswa kuingia pole zaidi ni baba.

Hali ya nyumba nyingi za askari yajulikana. Chumba ni kimoja, kitanda ni kimoja na chandarua ni kimoja. Mama hulala humo na mtoto wake wa mwezi mmoja. Askari hutoka lindoni saa kumi ya usiku, amechoka, na pengine njiani amekunywa waragi kidogo ili kufukuza baridi. Huingia gizani bila kuwasha taa, asije akawaamsha watu wake. Hutupa kabuti lake kitandani, naye hujilaza na kushikwa mara moja na usingizi mzito. Hana nia mbaya hata kidogo. Lakini hajui kama mtoto yuko upande wa ukutani au upande wake yeye, na kabuti lile zito laweza kumfunika mtoto uso mzima. Mtoto wa umri huo hana nguvu za kulisukuma.

Wako wasemao kwamba dawa ya jambo hili ni kumtenga mtoto na mama yake usiku. Ushauri huo haufai. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto anyonye katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka 2 au zaidi. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo, na maziwa ya mama husagika upesi. Kwa hiyo hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Tena homoni iletayo maziwa huongezeka mwilini mwa mama wakati wa usiku. Kunyonyesha kwenyewe humpunguzia mtoto hatari ya kufa ghafla usingizini. Aidha, mama anayelazimika kuinuka kila mara kumfuata mtoto aliye mbali huchoka, na mwisho husinzia kitini hali amempakata. Kusinzia na mtoto katika kiti cha mito ni hatari kuliko kulala naye kitandani.

Basi mtoto akae karibu na mama, lakini awe na mahali pake mwenyewe pa kulala.

Jambo hili wataalamu hawakulifahamu kwa siku moja. Zamani katika nchi nyingi za Ulaya akina mama walifundishwa kuwalaza watoto kifudifudi. Uchunguzi uliofanywa New Zealand kati ya 1987 na 1990 ulionyesha kwamba watoto waliolazwa hivyo walikufa ghafla zaidi kuliko wenzao, na kwamba moshi wa sigara na kukosa kunyonya maziwa ya mama viliongeza hatari hiyo. Mwaka 1991 wazazi wa nchi hiyo na wa Uingereza walianza kuhimizwa kuwalaza watoto chali. Marekani ilifuata mwaka 1994. Vifo hivyo vilipungua sana. Wazee wengine huogopa kwamba mtoto aliyelala chali atapaliwa akicheua. Sivyo. Alalapo chali, njia ya pumzi huwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yanayorudi hayaingii humo kwa urahisi.

Hata hivyo, kati ya Wamaori wa New Zealand hatari iliendelea kuwa kubwa. Kulala na mtoto ni desturi yao ya tangu zamani, nao hawakuwa tayari kuiacha. Mwaka 2006 wakaanza kusuka kwa majani ya kitani cha kwao kapu la mtoto liitwalo wahakura, lenye sakafu bapa, ambalo huwekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto hulala humo, mama humfikia kwa mkono, na hakuna awezaye kumlalia. Desturi ikahifadhiwa, na mtoto pia.

Nchini Uganda wasukaji wa vikapu na mikeka ni wengi, na familia ya askari haishindwi kupata kapu pana la namna hiyo. Sakafu yake iwe bapa na ngumu kiasi, bila mto wala nguo nyingi zilizolundikwa. Kapu likae ndani ya chandarua kile kile cha mama, ili mtoto asikoswe na kinga ya malaria. Mama akimaliza kunyonyesha amrudishe humo, chali, na uso wake uwe wazi. Asimfunike kupita kiasi, hasa nyumba ikiwa ya bati. Sigiri ya makaa itolewe nje kabla ya kulala, kwa maana hewa yake yenye sumu haionekani wala hainuki, nayo huua watoto na watu wazima pia.

Baba naye ana amri zake. Akiwa amekunywa pombe, au akiwa mvutaji wa sigara hata kama huvutia nje, asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga. Atandike mkeka wake chini. Vivyo hivyo, mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, au mwenye uzito chini ya kilo 2.5, asilazwe kamwe ubavuni mwa mtu mzima aliyelala. Uangalifu huu uzidi katika miezi 6 ya kwanza, na hasa kati ya mwezi wa 2 na wa 4.

Kabla ya kwenda zamu, mume na mke wapatane mahali kapu litakapowekwa, wala lisihamishwe usiku. Kabuti litundikwe msumarini. Na askari arudipo alfajiri aitumie kurunzi yake kwanza, amtazame mwanawe alipo, ndipo apande kitandani. Kwa mlinzi aliyekesha akitazama lango la kambi, hiyo si kazi kubwa.