Treni, mvua, na zile "dakika 40"

Najua nimepotea. Kazi imenikaba, na kila nikiketi kuandika hapa usiku naishia kusinzia juu ya kibodi. Leo nimeamshwa na barua pepe ya msomaji mmoja. Anasafiri kwa treni kutoka Nairobi hadi Mombasa mwezi wa Aprili, katikati ya masika, na kesho yake asubuhi ana mahojiano ya kazi. Anataka nimwelekeze kwenye programu ya rununu ambayo, mvua ikifunga njia, itamwambia treni itafika saa ngapi hasa.

Ndugu yangu, hilo neno "hasa" ndilo linaloniogopesha. Programu ya aina hiyo nimewahi kuiandika mimi mwenyewe.

Miaka mitatu hivi iliyopita nilimtengenezea mjomba wangu kiprogramu cha basi lake la Nairobi hadi Kitui. Kifaa cha GPS ndani ya basi, tarakilishi moja kuukuu nyumbani kwangu, na arafa kwa watu wanaosubiri abiria au mizigo. Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la sita angeiweza: umbali uliobaki ugawe kwa mwendo wa wastani. Ilifanya kazi vizuri hadi siku mvua ilipojaza mto fulani wa msimu na basi likasimama ng'ambo. Umbali uliobaki haukubadilika tena. Mwendo wa wastani nilikuwa nimeuandika kama nambari isiyobadilika (naam, nichekeni). Kwa hiyo kila baada ya muda programu ilituma ujumbe ule ule: basi litafika baada ya dakika 40.

Mama alikuwa stejini Kitui akingoja dawa za presha za nyanya yangu. Alisimama pale kwa muda wa saa tano, mvua ikimnyeshea, kwa sababu mwanawe mwenye digrii alimwambia ni dakika 40. Angeujua ukweli, angeenda mapema kutafuta dawa kwenye duka la pale mjini kabla halijafungwa. Tulipozungumza kwa simu usiku huo hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hiyo mashine yako haijui kusema haijui?"

Tangu siku hiyo, nikisoma habari za treni iliyokwama kwa sababu ya hali ya hewa, sitazami sana picha za mafuriko. Natafuta abiria waliambiwa nini, na waliambiwa lini. Maoni yangu ni haya: shirika la reli tulisamehe mvua, lakini tusilisamehe kukaa kimya, wala kutoa saa ambayo halina msingi wa kuitoa.

Reli inahitaji ukweli huo kuliko basi. Dereva wa matatu akikuta maji hugeuza, huuliza watu wa boda boda, hupitia vichochoro. Treni haina kichochoro. Maji yakisomba kokoto na udongo chini ya mataruma, vyuma vyaweza kubaki vikining'inia, na kwa mbali dereva asione tofauti yoyote. Treni nzito ya mizigo nayo huenda ikahitaji kilomita nzima au zaidi kusimama. Ndiyo maana mvua ikizidi, mwendo hupunguzwa, au njia hufungwa mpaka ikaguliwe. SGR yetu kati ya Mombasa na Nairobi, kilomita 472, ni ya njia moja kwa sehemu kubwa, na treni hupishana kwenye stesheni. Moja ikikwama Tsavo, ile inayotoka upande wa pili nayo inangoja. Na kuna siku ambazo kungoja hakusaidii kabisa: mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata reli ya kati ya Tanzania huko Kilosa kwa miezi, na huko Uingereza mawimbi yaliubomoa ukuta wa bahari wa Dawlish Februari 2014, treni zikarudi Aprili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Japani, na ninaupenda kwa sababu walikosea mara kadhaa hadharani. Oktoba 2014, tufani ikikaribia, JR West ilitangaza siku moja kabla kwamba itasimamisha treni zake eneo la Osaka, Kyoto na Kobe. Tufani ikaja na makali madogo kuliko ilivyohofiwa, na watu wakanung'unika. Tarehe 30 Septemba 2018 JR East nayo ikafanya hivyo Tokyo: treni za kawaida za eneo la jiji zisimame kuanzia saa 2 usiku. Tatizo ni kwamba tangazo lilitoka mchana wa siku hiyo hiyo, watu wengi wakiwa wameshatoka nyumbani. Serikali ikaketi na kampuni za reli, na mwaka 2019 ukatoka mwongozo: abiria waanze kudokezwa saa 48 hivi kabla, na wapewe maelezo kamili saa 24 kabla.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo kila mwandishi wa programu anapaswa kuisoma. Septemba 2019 tufani Faxai ikaja usiku wa kuamkia Jumatatu. Safari zilisimamishwa kwa tangazo la mapema, kama inavyotakiwa. Lakini ilitangazwa pia kwamba treni za Tokyo zingerudi kama saa 2 asubuhi. Watu wakaiamini saa hiyo, wakaoga, wakavaa suti, wakaenda stesheni. Wakaguzi nao wakakuta miti imelala juu ya njia. Saa 2 ikapita, na foleni nje ya baadhi ya stesheni zikarefuka ajabu. Kufunga walikufanya vizuri. Kilichowaangusha ni kutaja saa ya kufungua kabla mtu yeyote hajaiona reli. Ni dakika 40 zangu zile zile, kwa kiwango cha jiji kubwa.

Mwezi uliofuata ikaja Hagibis, tarehe 12 Oktoba. Onyo lilitoka siku mbili kabla, na jiji likakaa nyumbani. Mto Chikuma ulipofurika, mabehewa 120 ya shinkansen yaliyoegeshwa depo ya Nagano yalizama majini na hatimaye yote yakatupwa. Unaweza kuuliza kwa nini yaliachwa pale, na mimi nauliza. Lakini hayakuwa na abiria ndani.

Ulaya nako kuna jambo la kujifunza. Kanuni mpya ya haki za abiria wa reli, inayotumika tangu Juni 2023, inayaondolea mashirika fidia ya kuchelewa ikiwa chanzo ni hali ya hewa iliyopita kiasi. Wajibu wa kutoa habari haukuondolewa, wala ule wa kumpa chakula abiria aliyekwama.

Kwa upande wetu wa ufundi, hakuna kisingizio. Mfumo wa data wa GTFS Realtime, ambao Google waliutoa mwaka 2011, una sehemu maalumu ya kuandika kiasi cha mashaka katika saa ya kufika, kwa sekunde. Sehemu ipo, ni kuijaza tu. Hapa kwetu tiketi hununuliwa kwa *639# na kulipiwa kwa M-Pesa, kwa hiyo simu ya kupokelea arafa tayari iko mkononi mwa msafiri. Ningependa ujumbe wa siku ya mvua usomeke hivi: "Njia inakaguliwa. Hatujui bado itafunguliwa lini. Tutakuandikia tena saa 9:30, hata kama hakuna jipya." Ile ahadi ya mwisho ndiyo inayomruhusu mtu kwenda kula bila wasiwasi. Yangu sasa inatuma maneno kama hayo basi likisimama zaidi ya dakika 15. Mjomba haipendi. Anasema inafukuza wateja, na huenda ana haki, maana biashara ni yake. Tungali tunabishana.

Sasa wewe uliyeniandikia. Safiri siku mbili kabla ya mahojiano, si moja. Utabiri usiusome wa Nairobi peke yake; soma wa Kibwezi, Voi na Mariakani, maana mvua itakayokusimamisha huenda inanyesha mahali ambapo hukuwazia. Beba maji, chakula kisichoharibika na betri ya akiba, na nambari ya simu ya ofisi inayokuita iandike kwenye karatasi. Ukikwama wapigie mapema na useme umekwama, usiwatajie saa. Kumbuka pia kwamba kituo cha Mombasa kiko Miritini, kwa hiyo ukifika usiku sana bado una safari nyingine ya kuingia mjini. Ukifika, niandikie ilikuwaje.