Kilwa imepimwa kwa leza, mtoto wa Segerea kaambulia notisi

Wadau, leo nina hasira kidogo, mtanivumilia.

Binti wa jirani yangu hapa Segerea yuko kidato cha pili. Juzi kanionyesha daftari la historia. Kilwa imepewa mistari sita: dhahabu ya Sofala, masultani, Ibn Battuta kafika 1331, Wareno wakavamia 1505. Basi. Nikamuuliza, hao watu waliishi kwenye nyumba za namna gani? Akacheka. Hilo halipo kwenye mtihani.

Hivi mnajua kuwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalishapimwa kwa mashine za leza? Kazi hiyo ilifanywa na mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2020 Google na CyArk ya Marekani nao wakaiweka Kilwa kwenye intaneti kwa picha za pande tatu. Yaani malighafi ya kumwingiza mtoto ndani ya majengo yale kwa miwani ya uhalisia pepe, ile unayovaa ukigeuza shingo unaona upande wa pili wa chumba, ipo tayari. Wageni wamefanya yao. Sisi je?

Najua jibu lenu: madawati hayatoshi, wewe unaleta miwani! Jamani, sisemi kila mtoto anunuliwe mtambo. Simu moja ya mwalimu na boksi la karatasi ngumu lenye lenzi mbili vinatosha kupokezana darasani. Maboksi ya aina hiyo yapo tangu 2014. Wengine watasema wapelekwe Kilwa wenyewe. Safi sana, ila ni karibu kilomita 300 kutoka Dar, halafu boti. Mzazi gani wa shule ya kata atachangia safari hiyo?

Na wala sio mchezo wa picha. Msimamishe mtoto ndani ya nyumba ya mawe Songo Mnara. Ataona chumba ni kirefu lakini chembamba. Kwa nini? Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake, huwezi kuivuta. Sasa mwingize Msikiti Mkuu wa Kilwa, sehemu iliyoongezwa baadaye. Juu anakuta kuba na matao ya matumbawe na chokaa. Kuna watu walichonga hayo matumbawe, wakachoma hiyo chokaa, na kuna aliyewalipa. Hapo ndipo dhahabu ya Sofala inapata maana!

Ila kuna kitu sitaki. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, limebaki kuta na lile bwawa la pembe nane. Anayeliezeka upya kwenye kompyuta aweke rangi tofauti, mtoto ajue lipi ni jiwe na lipi ni kukisia. Na maelezo tuandike wenyewe, kwa Kiswahili. Tukizubaa watoto watasimuliwa tena kwamba miji hii ilishushwa na wageni kutoka ng'ambo, wakati wanaakiolojia kama Felix Chami wa Mlimani wametumia miaka mingi kuonyesha mizizi yake iko hapa hapa pwani.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeanza 2024 na mtaala mpya. Taasisi ya Elimu iandike barua Cape Town, iombe hayo mafaili. Barua tu! Boksi la binti wa jirani nitalikata mwenyewe.