Kongosho na Tiba ya Vijidudu

Ugonjwa wa kongosho humshika mtu ghafla. Tumbo la juu humkata hadi mgongoni, hutapika, wala hapati mkao wa kutulia. Chanzo mara nyingi ni vijiwe vya nyongo au pombe. Wengi hupona katika siku chache. Lakini wapo ambao sehemu ya kongosho hufa, ukuta wa utumbo hulegea, na bakteria waliokuwa wakiishi humo kwa amani huvuka na kuingia wasikotakiwa. Hao ndio wanaokufa zaidi.

Kwa hiyo baadhi ya wataalamu wamefikiri kwamba dawa ni kuutengeneza utumbo wenyewe: kinyesi cha mtu mwenye afya huchujwa, kisha maji yake hutiwa katika utumbo wa mgonjwa ili vijidudu vyema vitawale tena. Msomaji asikunje uso. Tabibu Ge Hong wa Uchina aliandika juu ya tiba ya namna hii tangu karne ya 4, na mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam walitangaza kwamba kati ya wagonjwa 16 wa kuhara sugu waliotibiwa hivyo, 15 walipona.

Lakini kuhara ni ugonjwa mmoja na kongosho ni mwingine. Huko huko Uholanzi, jaribio lililotangazwa mwaka 2008 liliwapa wagonjwa wa kongosho waliohofiwa kuzidiwa bakteria wanaosifiwa kuwa wema. Kati ya 152 waliopewa, walifariki 24. Kati ya 144 wasiopewa, walifariki 9. Wagonjwa 9 wa kundi la kwanza matumbo yao yalikosa damu, na katika kundi la pili hakupatikana hata mmoja. Tunazitaja hesabu hizi kwa makusudi, maana neno "bakteria wazuri" limekuwa tamu mno midomoni mwa wauzaji. Kinyesi chenyewe nacho kilijaribiwa Uchina kwa wagonjwa wa kongosho, na matokeo ya mwaka 2021 hayakuonyesha nafuu ya dhahiri. Na mwaka 2019 ilitangazwa Marekani kwamba mgonjwa wa maradhi mengine alifariki baada ya kutiwa kinyesi chenye bakteria sugu ambao hawakuwa wamepimwa.

Rai yetu kwa Wizara ya Afya ni kwamba tiba hii isiruhusiwe visiwani kwa ugonjwa wa kongosho, ila ndani ya utafiti ulioidhinishwa na mtoaji akiwa amepimwa barabara. Wananchi nao wasimnyweshe mgonjwa wa kongosho unga wala vidonge vya bakteria bila ya amri ya daktari.

Kinachomsaidia mgonjwa huyu kinajulikana: maji ya mishipani kwa kiasi, dawa ya maumivu, chakula mapema anapoweza kula, na vijiwe vya nyongo kushughulikiwa visije vikamrudisha kitandani. Vyote hivyo vyataka afike mapema, na mtu wa Kojani au Tumbatu huianza safari yake ya hospitali baharini. Tungependa wakuu wanaopanga bajeti watueleze ni chombo gani kitamvusha mgonjwa huyo saa nane ya usiku, na kama atakapofika atakuta kipimo cha damu cha kongosho na mashine ya altrasaundi inayofanya kazi.