UCHAMBUZI: Kusi ni msimu wa neema, lakini Pwani haina tamasha la usiku

KILA mwaka mvua za masika zinapopungua na upepo wa kusi kushika kasi baharini, hali katika hoteli nyingi za Pwani huwa ni ile ile. Vyumba hubaki vitupu, vibarua huambiwa wakae nyumbani hadi watakapoitwa, nao wahudumu wa bodaboda, wachonga vinyago na wauza madafu hukodoa macho barabarani wakimsubiri mgeni asiyekuja. Wafanyabiashara wa utalii wamekwisha kuupa wakati huo jina: msimu mbaya.

Kinaya ni kwamba miezi hiyo ya Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kiangazi barani Ulaya. Shule huwa zimefungwa, wafanyakazi huwa likizoni na mamilioni ya watu huwa safarini. Miongoni mwao wamo vijana wengi wasiotafuta bahari tulivu ya kuogelea. Hao hutafuta upepo na mawimbi mchana, na usiku hutaka muziki, filamu na watu wa kuzungumza nao. Msafiri wa aina hii anajulikana duniani na ipo miji iliyokwisha kumfungulia mlango. Pwani ya Kenya ina sehemu ya kwanza ya anachokitafuta. Sehemu ya pili, yaani usiku, bado haijaitayarisha, na gharama ya uzembe huo inalipwa na wenyeji.

Upepo uliojenga miji

Kusi si mgeni kwetu. Huanza kuvuma takriban Aprili na kuendelea hadi Septemba au Oktoba, kabla ya kuipisha kaskazi. Ndio upepo ambao kwa karne nyingi uliyarudisha majahazi Uarabuni na Bara Hindi. Vasco da Gama alipofika Malindi mnamo Aprili 1498, alipewa rubani aliyezijua njia za bahari, akatweka tanga kwa kusi hadi pwani ya India. Miji yetu ya kale ilijengwa na watu waliojua kupanga maisha yao kwa upepo.

Hata kalenda ya sherehe ilifuata mkondo huo. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa huadhimishwa mwezi Julai, kusi ikiwa imepamba moto. Kwa wazee wetu, basi, wakati huu haukuwa wa kujifungia ndani.

Leo upepo huo huo una wateja wapya. Katika ufuo wa Diani, kaunti ya Kwale, mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi makubwa mbali na nchi kavu na kuacha maji ya kina kifupi. Hapo wapenzi wa mchezo wa tiara husimama juu ya ubao na kuvutwa na upepo. Mchezo huo unachezwa pia Watamu na katika fuo zilizo kaskazini mwa Mambrui. Ghuba ya Malindi nayo ina sifa ya peke yake: mwamba haukuifunga, hivyo mawimbi ya Julai na Agosti hufika hadi mchangani, na anayetaka kuteleza juu ya wimbi kwa ubao pekee hupata nafasi.

Michezo hii si ya kupuuzwa. Kuteleza juu ya mawimbi kuliingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Mbio za tiara zikafuata katika Michezo ya Paris ya 2024, na ziliandaliwa katika mji wa bahari wa Marseille.

Ni kweli kwamba kusi ina kero zake. Katika fuo nyingi, majani ya bahari hutupwa mchangani kwa wingi, na maji ya ghuba ya Malindi hubadilika rangi kwa matope ya mto Sabaki. Mtalii aliyeahidiwa bahari ya buluu iliyotulia kama kioo atalalamika. Aliyefuata upepo hatajali.

Mfano wa Essaouira na Unguja

Tazama mji wa Essaouira nchini Morocco. Ni mji mdogo wenye ngome ukingoni mwa bahari ya Atlantiki, na upepo wake wa kiangazi ni mkali kiasi cha kuwafukuza waogeleaji. Wenyeji hawakuusubiri upepo utulie. Waliwaachia ufuo wacheza ubao na tiara, na mwaka 1998 wakaanzisha tamasha la muziki wa Gnawa, linalofanyika mwezi Juni.

Gnawa ni muziki wa kizazi cha watu waliotolewa kusini mwa Sahara, wengi wao wakiwa watumwa. Kwa muda mrefu wapigaji wake walidharauliwa, wakionekana kuwa watu wa mitaani. Tamasha liliwapandisha kwenye majukwaa makubwa katika viwanja vya mji, mahali ambapo umma husikiliza bila kulipa kiingilio. Mnamo 2019 shirika la Unesco liliiingiza Gnawa katika orodha ya turathi za binadamu. Mgeni anayecheza na upepo mchana huoga, hubadilisha nguo, kisha huingia mjini kula, kunywa chai na kusikiliza ngoma. Fedha zake hazibaki katika hoteli moja tu.

Karibu nasi zaidi kuna Unguja. Mwaka huo huo wa 1998 ndipo lilipofanyika Tamasha la kwanza la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lijulikanalo kwa ufupi kama ZIFF. Limezoeleka kufanyika katikati ya mwaka, mara nyingi Julai, na kitovu chake kimekuwa Ngome Kongwe katika Mji Mkongwe. Filamu huonyeshwa jioni chini ya anga wazi. Mkabala na ngome hiyo ipo bustani ya Forodhani, ambapo kila jioni wachuuzi huwasha taa na kuuza mishikaki, urojo na maji ya miwa. Kutoka Paje, kijiji ambacho kusi imekifanya kuwa makao ya mchezo wa tiara, ni mwendo wa takriban saa moja tu kwa gari. Mgeni anaweza kuwa na vyote viwili katika siku moja.

Sisi je, tulikosa tamasha? La, hasha. Mji wa Lamu, uliotambuliwa na Unesco mwaka 2001 sawa na Essaouira, una tamasha lake la utamaduni lenye mashindano ya majahazi na mbio za punda. Mombasa nayo ilikuwa na karnivali yake. Lakini sherehe hizo zote mbili ziliwekwa Novemba, kwenye mlango wa msimu ambao vyumba hujaa hata bila ngoma. Tulipeleka chakula kwa aliyeshiba, yule mwenye njaa wa Juni tukamwacha atazame bahari.

Usiku uliofungiwa hotelini

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali ambalo wadau wa utalii hawalipendi ni iwapo mwenyeji anapona kweli.

Wageni wengi wa fuo zetu huja kwa mpango wa kulipia kila kitu kwao kabla ya kupanda ndege: chumba, chakula, vinywaji na burudani. Jua linapotua, mgeni wa aina hiyo hana sababu ya kutoka nje ya lango. Sanaa humfuata alipo. Kikundi cha ngoma huitwa, hucheza kwa muda wa mlo wa jioni, hupewa ujira mdogo na kurejeshwa nyumbani kwa matatu. Sengenya ya Wadigo, mwanzele na chakacha hukatwa vipande vifupi ili visimchoshe mlaji. Mchezaji hapati jina, nako kijijini hakuna duka hata moja lililofaidika na usiku ule.

Ikumbukwe kwamba mila zinazofungamana na makaya ya Wamijikenda ziliorodheshwa na Unesco mwaka 2009 kuwa turathi zinazohitaji kuhifadhiwa kwa dharura. Sanaa inayosindikiza supu haiwezi kuhifadhiwa kwa namna hiyo. Huhifadhiwa inapokuwa na jukwaa lake, hadhira yake na malipo yanayomwezesha kijana kuona fahari ya kuirithi.

Utegemezi wa kuta hizo za hoteli una hatari nyingine pia. Mei 2014, kufuatia onyo la serikali ya Uingereza kuhusu usalama, watalii Waingereza walirejeshwa kwao kutoka Mombasa kabla ya likizo zao kumalizika. Hali ilikuwa mbaya pia baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, kisha tena janga la korona lilipozuka mwaka 2020. Katika nyakati hizo, Mkenya wa kutoka bara ndiye aliyezinusuru hoteli nyingi. Tangu 2017 reli ya kisasa imemrahisishia safari ya Nairobi hadi Mombasa, na barabara ya Dongo Kundu imempa njia ya kufika Kwale bila kupanga foleni ya kivuko cha Likoni. Mkenya huyo husafiri na watoto wake likizo ya Agosti, kusi ikivuma. Hajui kucheza tiara, lakini tamasha la jioni atalihudhuria.

Pingamizi zenye uzito

Wapo watakaopinga, na hoja zao hazifai kutupwa. Wazee na maulamaa wa Pwani wana wasiwasi kwamba tamasha la usiku litaleta ulevi, mihadarati na mavazi yasiyoheshimu mji. Wasiwasi huo una msingi. Hata hivyo, Unguja ni mji wa Kiislamu kama ilivyo Lamu, na miaka yote hii umepokea tamasha. Isitoshe, Maulidi ya Lamu yenyewe yanathibitisha kwamba mji wa kale unaweza kupokea maelfu ya wageni kwa mikesha yenye staha. Linalohitajika ni wenyeji kukaa mezani tangu mwanzo, wakubaliane kuhusu mahali, saa ya kufunga na vinavyouzwa. Tarehe pia hazina budi kupangwa kwa kuzingatia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka.

Pingamizi la pili linatoka baharini. Maji yale yale ya kina kifupi ambayo mcheza tiara huyapenda ndiyo shamba la mtu mwingine. Huko Paje kina mama hulima mwani katika maji wanamopita wacheza tiara. Kwetu Kenya, kina mama wa Kibuyuni, kaunti ya Kwale, wameufanya mwani kuwa riziki, na wavuvi wa dema na nyavu wamo kote. Kamba ya tiara ikikaza ni hatari kwa aliye majini. Iwapo mchezo huu utapanuliwa bila mipaka inayoeleweka, maskini ndiye atakayeambiwa ahame.

La tatu ni fedha. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Tamasha linaloegemea wafadhili wa ng'ambo pekee huanguka mfadhili anapopiga chafya. ZIFF na Busara zimedumu kwa jasho la waandalizi wake, lakini haifai kujidanganya kwamba jambo hili hujiendesha lenyewe.

Jukumu la kaunti

Katiba ya 2010 iliweka shughuli za utamaduni, burudani za umma na utalii wa mashinani mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu haziwezi kuendelea kuinyoshea Nairobi kidole.

Jambo la kwanza ni kalenda. Kaunti hizi zinafaa kukubaliana kuhusu majuma machache ya kusi, zitangaze tarehe mwaka mmoja mbele na zisizibadilishe kiholela. Msafiri wa Ulaya hununua tiketi mapema, na tamasha linalotangazwa mabango yakiwa bado na rangi mbichi halimfikii.

Jambo la pili ni mahali. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, ikageuzwa gereza enzi za mkoloni, na ilitambuliwa na Unesco mwaka 2011. Mji wa kale wa Gede uliingizwa katika orodha hiyo 2024, nao hauko mbali na fuo za Watamu. Majukwaa yawekwe kwenye viwanja vya umma vilivyo karibu na turathi kama hizi, mahali ambapo muuza viazi karai na mshairi wa Kiswahili watakutana na mgeni bila mlinzi wa lango kati yao.

Jambo la tatu ni njia na usalama. Vichochoro vya kuingilia ufuoni ambavyo vimezibwa na kuta za watu binafsi vifunguliwe. Waokoaji waajiriwe kutoka miongoni mwa vijana wanaoijua bahari, mipaka ya wavuvi na wakulima wa mwani iwekwe maboya, na barabara za kutokea tamashani ziwe na taa. Vijana wa Diani na Malindi wafadhiliwe kupata vyeti vya ualimu wa tiara na ubao, kwani vifaa ni ghali na bila msaada kazi hiyo itaendelea kuwa ya watoto wa matajiri na wageni.

La mwisho, na pengine zito kuliko yote, ni mkataba wa msanii. Kila kikundi kitakachopanda jukwaani kijue malipo yake kwa maandishi kabla ya kupiga ngoma ya kwanza. Tamasha litakalomlipa mwimbaji wa nje na kumpa mcheza sengenya soda na nauli litakuwa limerudia dhuluma ya hoteli, tofauti ikiwa ukubwa wa spika.

Kusi itavuma tena mwakani, kama ilivyovuma kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa. Vibarua watakaoambiwa wakae nyumbani wana haki ya kuwauliza viongozi wao kwa nini upepo ulioleta utajiri Essaouira na Paje huleta njaa katika nyumba zao.