Picha Zetu Zilifika Kabla Yetu

Ndugu zangu wa kambini, kila mkiniandikia mnauliza, "Hollywood kukoje?" Mimi siishi Hollywood. Niko Culver City, mji wenye halmashauri yake, polisi wake, shule zake na mabasi yake, ingawa Los Angeles imeuzunguka karibu pande zote. Ni watu kama 40,000 tu. Nyarugusu inaushinda!

Wenyeji wana la kujivunia. MGM, ile kampuni yenye simba anayenguruma, ilikuwa hapa. The Wizard of Oz ilitengenezwa hapa, na kwenye ile studio, siku hizi ya Sony, wamesimamisha upinde wa mvua mrefu kuikumbuka. Sawa, wajivunie. Ninachokataa ni kuikata historia na kubakiza vipande vitamu.

Mwaka 1931 MGM ilitoa Trader Horn. Watu wake walikuja Afrika kwetu, wakashuti hadi maporomoko ya Murchison. Ninyi wa Kiryandongo ni majirani wa pale. Picha zilizobaki wakazibandika kwenye Tarzan the Ape Man ya 1932, na Tarzan huyo ndiye akawa mwalimu wa wazungu kuhusu sisi, eti msitu, wanyama na watu wasio na majina. Mutia Omoolu, aliyeigiza katika Trader Horn, aliletwa huku studio kumalizia kazi.

Sasa sikilizeni. Mji huu enzi hizo haukutaka mtu mweusi alale ndani yake. Si maneno yangu: halmashauri yenyewe ilikiri ubaguzi huo kwa azimio, mwaka 2021. Miaka tisini imepita! Kumbe kamji kadogo kenye mpaka wake kanaweza kuchagua: picha yako iingie, wewe baki nje.

Ndiyo maana nawakasirikia ninyi wa mashirika mnaokuja na kamera kwenye foleni ya chakula. Fomu ya ruhusa ni ya Kiingereza, mama anaweka dole gumba, basi. Kesho picha yake iko Ulaya. Yeye anasubiri usaili wa kuhamishwa mwaka wa saba. Msomeeni fomu kwa lugha yake. Andikeni jina lake kama analitaka liandikwe. Mwachieni nakala. Akikataa, zima kamera, usimbembeleze kwa sabuni. Na msiniambie hakuna bajeti ya nakala, maana printa ya ofisini tunaisikia ikilia kutwa nzima.